Tamasha la Kuichangia Redio ya Chuo: Mwongozo Kamili kwa Kamati ya Arusha

Kabla hujampigia simu mwanamuziki yeyote, kaa na kalamu ujibu swali dogo: redio yenu inahitaji kitu gani, na kitu hicho ni bei gani? "Kuisaidia redio" si jibu. Jibu liwe hivi: miksa ya studio ina chaneli tatu zilizokufa, maiki ya mgeni inakwaruza, na umeme ukikatika tunatoka hewani mpaka mlinzi apatikane awashe jenereta. Mtu akisikia hivyo anajua elfu tano yake inakwenda wapi. Andika vitu vitatu, visizidi, chukua profoma (karatasi ya bei) kwenye maduka mawili, na jumla yake iwe ndiyo shabaha. Itajwe hewani kila siku mpaka watoto wa mtaani waikariri.

Nimekuwa kwenye matamasha matatu ya namna hii hapa Arusha: mawili nikibeba waya, la tatu nikishika daftari la mapato na matumizi. La kwanza lilijaza ukumbi, watu wakacheza, picha zikapendeza, na redio ikabaki na deni la mitambo kwa miezi miwili. Mengi ninayoandika hapa yametoka kwenye deni lile.

Hesabu kabla ya muziki

Kosa letu lilikuwa kutegemea geti. Tuchukue mfano. Ukumbi unaingiza watu 400, kiingilio shilingi 5,000. Kichwani mwa kamati hiyo ni milioni mbili taslimu. Sasa toa wanakamati na rafiki zao, toa wasanii na wapambe wao (kila msanii wa hip hop ana watu wanne wa kumshikia kofia), toa wageni waalikwa, toa walioruka ukuta. Ukipata 300 waliolipa, shukuru. Hiyo ni 1,500,000.

Upande wa pili: mitambo na fundi wake 800,000, jenereta na dizeli 200,000, posho za bendi sita 600,000, chakula na maji ya wasanii 120,000, vibali 150,000, ulinzi 120,000, mabango 130,000. Jumla 2,120,000. Umefanya shoo nzuri na umekula hasara ya 620,000. Bei za mwaka wako zitakuwa nyingine, ila hesabu itakwenda vilevile.

Kwa hiyo weka sharti hili na usilivunje: gharama zote zilipwe na wadhamini kabla geti halijafunguliwa, na cha getini chote kiwe cha redio. Usianzie kwenye kampuni kubwa za simu. Barua yako itakaa mapokezi hadi mahafali. Anzia kwa watu wanaokula kwa mgongo wa wanafunzi: steshenari inayochapa kazi za chuo, wenye hosteli za mtaani, mama wa kantini, saluni za getini, mhitimu wenu aliyefungua kampuni ya kupandisha watalii mlimani. Wengine hawatatoa pesa, watatoa vitu, na hiyo ni pesa vilevile. Steshenari ikichapa mabango, 130,000 imefutika. Mama wa kantini akilisha wasanii, 120,000 imefutika.

Nanyi mna cha kuwapa ambacho hakuna kamati nyingine ya chuo inacho, yaani dakika za hewani. Ila fungua kwanza leseni yenu ya TCRA usome masharti. Leseni ya redio isiyo ya kibiashara si sawa na ya biashara kwenye suala la matangazo, na hutaki kupata mdhamini wa laki tatu ukaishia kujieleza kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Kuhusu kupokea pesa, usitumie namba ya simu ya mtu, hata angekuwa mwenyekiti wa kwaya. Tumieni Lipa Namba yenye jina la redio. Kama chuo ni cha umma, mapato yake hupita kwenye kontroo namba (namba ya malipo ya serikali), na pesa ikishaingia huko haitoki kwa sababu mna haraka ya kununua waya. Mwone mhasibu wiki ya kwanza kabisa, tena uende na mlezi wa redio, usiende peke yako. Mhasibu aliyeshirikishwa mapema atakuonyesha njia. Aliyesikia habari kwenye bango atakuonyesha kanuni.

Kuchagua tarehe

Masika ya Machi hadi Mei yaache yapite. Juni hadi Agosti Arusha ina baridi yake ile ya manyunyu, na tamasha la nje huanza kupungua watu saa 1 usiku, kila mmoja akitafuta koti. Mimi napenda Septemba, Oktoba mwanzoni, au Januari na Februari. Kisha tazama kalenda ya chuo: usiguse wiki mbili kabla ya mitihani, na kama unaweza, subiri boom, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, iingie. Wiki baada ya boom mwanafunzi hununua tiketi na mishkaki juu yake. Wiki ya tano baada ya boom anakuomba umwingize bure. Angalia pia Ramadhani na Kwaresma, maana nusu ya bendi za mji huu hupiga kanisani na zina ratiba zao.

Barua na vibali

Anza wiki kumi kabla. Barua ya kwanza ni ya uongozi wa chuo kupitia kwa Mshauri wa Wanafunzi. Ya pili ni kwa Afisa Utamaduni wa Jiji, na huyu mfuate mwenyewe ofisini, usimtume mtu, kwa sababu ndiye atakayekueleza kibali cha burudani kinachohitajika, cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kinavyopatikana na ada zake. Ya tatu ni kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, ikitaja idadi ya watu, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Nakala ipelekwe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na ukifika kwake msalimie vizuri na umwalike. Malalamiko ya kelele huanzia kwake, na mara nyingi huishia kwake pia.

Suala la hakimiliki watu hulipuuza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na inamlinda pia anayepiga: kumrekodi mwanamuziki akiwa jukwaani na kumrusha hewani kunahitaji ridhaa yake. Bendi ikipiga kopi za watu wengine, hilo nalo lina leseni yake. Uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapema. Kuwa na jambo jema la kuchangia hakukuondolei wajibu huo.

Bendi

Hapa ndipo kamati nyingi hukosea kwa adabu kubwa. Wanamwita mwanamuziki, wanampa soda, wanamwambia "hii ni ya kujitolea, utapata jina." Wakati huohuo fundi wa mitambo analipwa, mlinzi analipwa, mwenye viti vya plastiki analipwa. Mtu pekee anayeombwa kujitolea ni yule ambaye watu wamekuja kumwona. Bendi ya watu sita ikipanda bure, imeacha kazi ya Jumamosi hotelini, imekodi gari, imenunua nyuzi za gitaa. Hao ndio wafadhili wenu wakubwa kuliko steshenari na hosteli zote, na muwatendee hivyo.

Mji huu pia umezoea kutoa wanamuziki na kuwaachia wengine wawasikilize. Ndugu wa akina Kinyonga walifika hapa wakitokea Tanga, wakaunda Arusha Jazz, na mwaka 1971 wakavuka kwenda Kenya, ambako walipata jina kubwa wakiitwa Simba Wanyika. X Plastaz wa Ngarenaro, waliounganisha hip hop na uimbaji wa Kimasai, albamu yao ya 2004 ilitoka kupitia kampuni ya Ujerumani. Weusi, kundi la hip hop la akina Joh Makini na G Nako, ni wa hapahapa. Redio ya chuo ndiyo mahali ambapo bendi isiyo na meneja wala video inaweza kupigwa mara ya kwanza, na hilo ndilo unaloliuza unapoomba.

Unazipata wapi? Zunguka. Ijumaa na Jumamosi usiku bendi za laivu zinapiga kwenye sehemu za nyama choma Njiro, Sakina na Kijenge. Usa River kuna Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira chenye shahada ya muziki, na wanafunzi wake wanasoma nota na wanafika kwa wakati, sifa ambayo utaithamini siku ya tamasha. Hip hop iko Ngarenaro, Kaloleni na Unga Limited, huhitaji kutafuta sana. Bendi za injili waulize wapiga kinanda, wanajuana wote. Na tafuta kikundi kimoja cha ngoma cha Wameru au Wamasai, kipewe nafasi ya heshima saa nzuri. Kikiwekwa saa 8 mchana kupigia viti vitupu, hakitarudi.

Chukua sita. Nane ni nyingi, nne ni chache ikiwa moja itakosa gari. Simu yenyewe iende moja kwa moja. Hii niliipiga mimi kwa kiongozi wa bendi moja ya dansi:

"Kaka, shikamoo. Nakupigia kutoka redio ya chuo. Tunafanya tamasha la kuichangia studio, Jumamosi tarehe 27. Tunawaomba mpige dakika 25. Hela ya shoo hatuna, tusidanganyane. Tuna laki moja ya nauli na posho, chakula kipo, na mtapiga laivu hewani. Tutawarekodi, faili zote mtapewa."

"Marahaba. Laki moja, watu saba? Sawa, ila kirikuu ya kubebea vyombo iwe juu yenu."

"Iwe juu yetu, kaka."

"Na hizo faili, ni chaneli mojamoja au mmeshachanganya?"

Swali hilo la mwisho likikujia, jua umempata mtu wa kazi. Rekodi safi ya laivu, kila chombo kwenye njia yake, ni kitu ambacho studio za mjini zingemtoza pesa nyingi. Kwenu inawagharimu kadi ya kumbukumbu na fundi aliye makini. Ukiahidi, timiza.

Baada ya simu, andikeni ukurasa mmoja wa makubaliano: tarehe, saa ya kupima mitambo, saa ya kupanda, dakika, posho na itakapolipwa (kabla ya kupanda jukwaani, taslimu au kwa simu, msiwaambie "Jumatatu"), ridhaa ya kurushwa na kurekodiwa, na kwamba wimbo unabaki mali yao. Pande zote zisaini. Hata kama mmesoma darasa moja.

Kwa wasanii wanaopanda na pleibeki, waambie walete biti bila sauti yao ndani, kwenye flashi, siku tatu kabla. Asiyeambiwa huleta wimbo mzima, na msikilizaji nyumbani husikia mtu anaimba akijibizana na yeye mwenyewe.

Mpangilio wa kupanda nao una siri zake. Injili mapema, saa 10 jioni, maana waumini wanaokuja kuwashangilia huja na watoto na huondoka kabla ya giza. Ngoma saa 11, mwanga ungalipo na picha zitoke. Dansi inaanza watu wakiwa wamekula. Hip hop iwe ya mwisho, kwa sababu ukiiweka katikati, mashabiki wake wataondoka nayo.

Ukumbi na mitambo

Usikodi uwanja. Watu 400 ndani ya Sheikh Amri Abeid wanaonekana kama waliopotea njia, na Simba Hall pale AICC ni ya bajeti nyingine. Ukumbi wa chuo uliojaa mpaka mlangoni una kelele nzuri, na hewani unasikika kama umati wa maelfu.

Kwa fundi mitambo usiulize "una spika ngapi?" Mpelekee karatasi mbili: mchoro wa jukwaa unaoonyesha nani anasimama wapi, na orodha ya chaneli. Ya kwetu ilikuwa hivi. Drams: kiki, snea, na maiki mbili za juu. Besi moja. Gitaa la solo, gitaa la rithimu. Kinanda mbili, kushoto na kulia. Pleibeki mbili. Sauti nne. MC moja. Hesabu, ni 16. Miksa ya chaneli 16 imeshajaa kabla hujaweka maiki mbili za kunasa makofi ya watu, ambazo redio haiwezi kukosa. Omba ya 24.

Drams ziwe seti moja kwa bendi zote, pamoja na ampu moja ya besi na moja ya gitaa. Kila mpiga drams aje na snea yake, matoazi na fimbo akitaka, lakini kiki na tomu haziondoki. Hili pekee hupunguza muda wa kubadilishana kutoka dakika 30 hadi 15. Bendi sita, dakika 25 za kupiga na 15 za kubadilishana, ni saa nne kamili: kuanzia saa 10 jioni hadi saa 2 usiku. Vifodi vya mwisho bado vinapatikana, na jirani hajaanza kuandika barua.

Kupima mitambo kufanyike kinyume. Bendi ya mwisho kupanda ndiyo inapima kwanza, saa 3 asubuhi, na ya kwanza kupanda ndiyo inapima mwisho. Ikimaliza inaacha kila kitu kilipo, na tamasha linaanza bila mtu kugusa waya. Fundi apige picha ya miksa kwa simu baada ya kila bendi kama miksa yake haina kumbukumbu.

Jambo moja ambalo ni la redio za vyuo tu: mnara wenu uko palepale. Transmita ya FM ikiwa mita 50 kutoka jukwaani, waya mrefu wa jeki unaweza kugeuka antena, ukasikia kelele au hata redio yenyewe ikiongea ndani ya ampu ya gitaa. Waya wa gitaa usizidi mita 6, besi na kinanda vipite kwenye DI (kisanduku kinachoiandaa sauti ya chombo kwa waya mrefu), na kutoka hapo vyote viende kwa waya za kenoni, zile za maiki.

Umeme

Tamasha lile la kwanza umeme wote ulitoka kwenye soketi mbili za ukutani. Saa 12 jioni, bendi iko katikati ya sebene, kamati ya mapokezi ikachomeka birika kubwa ili meza kuu wapate chai. Pap. Giza, kimya. Mpiga drams peke yake ndiye hakusimama, akaendelea kugonga gizani na watu wakampigia makofi. Wasikilizaji nyumbani walisikia ukimya wa dakika 11, na mtangazaji wetu wa studio, aliyekuwa ameenda kununua chapati, akarudi mbio na maharage mkononi.

Hesabu yake ni rahisi. Soketi ya kawaida ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba kama wati 3,000, basi. Mitambo ikila 5,000, taa 2,000 na ampu za jukwaani 1,000, unahitaji 8,000. Jenereta huandikwa kwa kVA, na kwa makadirio ya kawaida unagawa kilowati kwa 0.8: 8 inakuwa 10. Tena hutaki jenereta lifanye kazi kwa nguvu zake zote, basi kodi la kVA 15 au 20. Sauti iwe na laini yake, taa laini yake, na birika, friji ya soda na chaja za simu zipelekwe jengo jingine kabisa. Mtu mmoja akae na kidumu cha dizeli, asiwe na kazi nyingine. Kama mnatumia TANESCO, jenereta liwe limeunganishwa tayari kupitia swichi ya kubadilishia, na fundi umeme wa chuo ndiye aguse hapo, si rafiki yako anayejuajua.

Kurusha hewani

Hapa ndipo tamasha la redio linapotofautiana na tamasha la mahafali, na ndipo watu wanaposhindwa kuelewa kwa nini ukumbini palikuwa patamu na hewani palikuwa na mtu anayeimba peke yake ndani ya ndoo. Sababu ni hii. Kwenye ukumbi mdogo drams na ampu za gitaa zinasikika zenyewe, kwa hiyo fundi hazipandishi sana kwenye miksa. Anapandisha sauti za waimbaji. Ukichukua nakala ya miksa hiyo ukairusha, unapata waimbaji wengi, gitaa kidogo, drams hakuna. Dawa ni mchanganyiko wa pili wa redio pekee, kupitia aux za miksa (njia zake za pembeni za kutolea sauti), anaousimamia mtu wenu aliyevaa hedifoni zilizoziba masikio, akiwa chumba kingine au nyuma ya pazia nzito. Humo ndimo zinaingia zile maiki mbili za watu, kwa kiasi kidogo, zikipanda wimbo unapoisha.

Kuipeleka sauti studio, kama studio iko hapohapo chuoni, vuta waya. Waya mzuri wa kenoni unabeba sauti mita 100 bila kulalamika na hauhitaji bando. Kama haiwezekani, tumieni intaneti ya waya ya maabara ya kompyuta. Simu iwe tegemeo la mwisho, na iwe na laini mbili za mitandao tofauti, kwa sababu watu 400 wakianza kupandisha video kwa pamoja, mnara wa simu unashikwa na matangazo yenu yanakatikakatika kama kigugumizi. Kwa vyovyote vile, studio awepo mtangazaji mwenye nyimbo za dakika 20 za bendi hizohizo, tayari kujaza pengo.

Zile dakika 15 za kubadilishana ni za redio. Bendi iliyoshuka inapelekwa moja kwa moja kwenye meza pembeni ya jukwaa, bado inatoa jasho, inahojiwa dakika nne. Kisha inatajwa shabaha, kilichopatikana mpaka saa hiyo, na Lipa Namba, mara mbili, polepole. Msikilizaji aliye Tengeru hakuwahi kununua tiketi, ila anaweza kutuma elfu mbili. Mwaka tuliofanya hivi vizuri, simu ziliingiza pesa kuliko geti, na nyingi ziliingia wakati wa mahojiano, wala si wakati wa nyimbo.

Kurekodi: biti 24, kilohezi 48, kilele kisipite desibeli 12 chini ya sifuri. Mchanganyiko wa stirio unakula takribani GB 1 kwa saa, na faili zikifika GB 4 baadhi ya vinasa hukata, kwa hiyo anza faili jipya kila bendi inapopanda. Chaneli 16 mojamoja ni kama GB 8 kwa saa. Kadi ya GB 64 inatosha saa zenu nne na nafasi inabaki. Nunueni dukani, msiazime ya mtu yenye picha za harusi.

Siku yenyewe

Getini wakae wawili, mmoja anakata tiketi na mwingine anapokea pesa, na kila saa mhasibu apite kuchukua zilizopo. Orodha ya wa bure ifungwe saa 6 mchana, wala mwenyekiti asiwe na uwezo wa kuongeza jina. Bendi ipokelewe na mtu mmoja anayewajua kwa majina, awaonyeshe chumba, maji, chakula, choo. Kulisha wasanii saa 12 jioni wali uliopikwa saa 7 mchana ni tusi ambalo hutatajiwa, ila mwakani simu yako haitapokelewa.

Pombe hapana, kwa kanuni za chuo na kwa ajili ya bendi za injili. Huduma ya kwanza iwepo. Milango miwili iwe wazi muda wote, na asipatikane mtu wa kurundika viti mbele ya mmoja wapo.

MC awe mtangazaji wa redio, na apewe saa ya ukutani mbele ya macho yake. Dakika ya 22 anasimama pembeni ya jukwaa mahali kiongozi wa bendi anamwona. Dakika ya 25 anapanda akipiga makofi. Hakuna haja ya kuzima maiki ya mtu.

Baada ya shoo

Jumatatu mtangaze hesabu hewani na mbandike kwenye ubao: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na kifaa cha kwanza kitakachonunuliwa. Wadhamini wapelekewe barua yenye muhuri. Faili za bendi zitenganishwe ndani ya wiki mbili na zipelekwe kwa flashi, mkononi. Hakuna mpiga besi mwenye bando la kupakua zaidi ya GB 3. Kisha kila Jumatano kwa miezi mitatu pigeni wimbo mmoja wa laivu kutoka siku ile, mkitaja jina la bendi na inapopiga wikiendi.

Na zile drams mlizoazima kanisani zirudi usiku uleule wa Jumamosi, hata kama kirikuu imechelewa na kila mtu anataka kwenda kulala. Ibada ya kwanza inaanza saa 1 asubuhi, na mpiga drams wa kanisa ndiye yuleyule aliyewapigia saa 10 jioni.